Mahali Pakavu Penye Ubaridi: Shajara ya Kuhifadhi Maembe na Ndimu, Tudor, Mombasa

27 Desemba

Mwembe wa ngowe ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Tudor umeanza kuangusha, na leo asubuhi, kabla sijafagia ua, nimeokota maembe 43, mengi yakiwa yamepasuka kwa kuangukia saruji. Huu ni mwaka wa tano tangu tuhamie nyumba hii, na kila mwaka mambo huwa ni yale yale: kuanzia mwisho wa vuli hadi kaskazi ikolee tunakula maembe asubuhi, mchana na usiku, tunawapelekea majirani ambao nao wana miembe yao na hawana haja na yetu, kisha tunachoka, na yanayobaki yanaozea uani. Ukivuka daraja la Nyali ukaenda Kongowea wakati huo, utakuta malori yamejaa maembe na bei imeshuka kiasi kwamba nauli ya kuyafikisha yetu huko itazidi thamani ya mzigo. Ukifika mwezi wa tano tukatamani embe, tunalinunua.

Mwaka huu nimeazimia kuyahifadhi, na kwa kuwa kazi yangu ya mchana ni uhasibu, nimeazimia pia kuandika kila kilo iliyoingia na kila chupa iliyotoka, zikiwemo zitakazoharibika. Aliyenitia hamu ni wifi yangu anayeishi Leicester, Uingereza. Kule matufaha, mapea na plamu huiva kati ya Agosti na Oktoba, na watu wenye bustani huyapika na kuyatia chupani kabla ya baridi kuingia. Picha ya rafu zake, chupa zimepangwa kama wanafunzi mstarini, nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Alinitumia maelezo ya mapishi manne. Yote yanatofautiana kwa viungo na kwa muda wa kupika, ila sentensi ya mwisho ni moja katika yote manne: hifadhi mahali pakavu penye ubaridi.

Nimezunguka nyumba nzima nikipatafuta mahali hapo. Mchana wa kaskazi joto hufika nyuzi 32, usiku halishuki sana chini ya nyuzi 25, na unyevu wa hewa hapa kisiwani mara nyingi huzidi asilimia 70. Chumvi iliyomo kikoponi jikoni hugandamana isipotiwa punje za mchele. Kwa hiyo mradi huu, kabla haujawa wa maembe, ni wa kutafuta ukavu mahali ambapo haupo.

5 Januari

Jaribio la kwanza limeharibika lote, na kwa kuwa limenifunza zaidi ya nilivyotarajia nitalieleza kwa urefu.

Tarehe 29 niliyamenya maembe yaliyoiva bila kulainika, nikayakata vipande vya unene wa milimita 6 hivi, nikavichovya katika maji ya ndimu ili visigeuke rangi, nikavipima. Vilikuwa kilo 4 kamili. Nikavitandaza kwenye sinia tatu na jamvi jipya juu ya paa la saruji, nikavifunika kwa kipande cha chandarua cha zamani, na nikamwambia mwanangu awe anavigeuza kila saa mbili. Jua la siku hizo lilikuwa kali na upepo haukukoma, na ilipofika jioni ya siku ya tatu vipande vilikuwa vimejikunja pembeni, vimekuwa na rangi ya asali, ukivikunja vinapinda bila kutoa maji. Nikavipima tena: gramu 850. Nikajipongeza. Nikavileta sebuleni, nikaviacha vilevile kwenye sinia, nikaenda kulala.

Asubuhi nilipovigusa vilikuwa vinanata vidoleni. Nikadhani ni vidole vyangu vyenye maji, nikavifuta, nikagusa tena. Nikavirudisha kwenye mizani: gramu 910. Usiku mmoja, bila tone la mvua, maembe yangu yalikuwa yamekunywa gramu 60 za maji kutoka hewani.

Jambo hilo halina muujiza wowote. Kitu kilichokauka hunyonya unyevu wa hewa inayokizunguka mpaka kilingane nayo, na hewa ya usiku inayopanda kutoka hori la Tudor huwa imeshiba maji. Siku ya nne na ya tano kukawa na mawingu, nami kwa uvivu nikavikusanya vyote katika debe la biskuti nikisubiri jua lirudi. Leo nimelifungua debe. Kwanza ilinipokea harufu ya chachu, kama ya unga wa maandazi uliosahauliwa, kisha nikaona madoa ya kijivu na kijani yenye manyoya kwenye vipande vya katikati, vile vilivyokuwa vimebanana. Nimetupa vyote. Baadhi ya watu hukata sehemu yenye ukungu wakala iliyobaki, lakini ukungu unaoonekana ni sehemu tu ya ukungu uliopo, kwani nyuzi zake huwa zimekwisha kupenya ndani, na aina nyingine huacha sumu isiyotoka hata kwa kupikwa.

9 Januari

Ingizo fupi. Nimepasua maembe manane yaliyokuwa safi kwa nje, bila doa isipokuwa tundu dogo kama lililochomwa kwa sindano, na ndani ya matano nimekuta funza. Huyu ni nzi wa matunda mwenye asili ya Asia ambaye aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003 na tangu hapo amekuwa maangamizi ya wenye miembe. Jike hutaga mayai chini ya ganda, funza hula nyama ya tunda, tunda huanguka, kisha funza huingia udongoni na baadaye hutoka akiwa nzi mpya. Ndiyo kusema kwamba kila embe tulilokuwa tukiliachia uani miaka hii yote tulikuwa tukiwalea nzi wa mwaka unaofuata. Kuanzia leo yaliyoanguka yanaokotwa asubuhi na jioni, na mabovu yanazikwa katika shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita. Ya kuhifadhi yanachumwa mtini, mapema, yakiwa yamekomaa ila bado ni magumu.

16 Januari

Fundi seremala wa hapa mtaani amenitengenezea sanduku la kukaushia kwa mbao za kreti na vioo viwili vya dirisha kuukuu ambavyo mume wangu alikuwa ameviweka stoo tangu tulipokarabati nyumba. Lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 60, mgongo wake umeinuka kuliko mbele ili kioo kilale mshazari, na ndani limepakwa rangi nyeusi. Chini mbele kuna matundu ya kuingizia hewa na juu nyuma kuna matundu ya kuitolea, yote yamezibwa kwa wavu wa dirisha. Hewa inayoingia hupata joto, hupanda, na huondoka na maji ya maembe. Na hewa ikipata joto uwezo wake wa kubeba maji huongezeka, hivyo hata hewa yetu hii nzito, ikiisha kupashwa ndani ya sanduku, huwa kavu ikilinganishwa na ile ya nje. Fundi hakukubali mara moja. Aliniuliza kwa nini sizibi matundu ili joto lisitoke, nami nikamwomba aweke kiganja chake kwenye matundu ya nyuma. Alipohisi pumzi yenye unyevu ikitoka mle kama ya mtu anayehema, akatoboa mengine mawili bila kuambiwa.

Kipimajoto kilichomo ndani kilisoma nyuzi 58 saa saba mchana. Nimetandika kitambaa cheusi chepesi juu ya vipande, kwani jua likivipiga moja kwa moja hupauka na hupoteza vitamini A, na embe bila rangi yake halishawishi mtu.

Hesabu ni hii: kilo 6 za maembe mazima zimetoa kilo 3.8 za vipande baada ya kutoa maganda na kokwa, na kwa siku mbili za jua zimekuwa gramu 740. Jioni ya siku ya kwanza sikuviacha nje hata dakika moja baada ya jua kuzama. Viliingia ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana, vikatoka asubuhi jua lilipokwisha kukausha umande.

Bado kuna hatua ambayo ningependa kila mtu wa pwani aijue. Vipande havikauki sawasawa. Chembamba huwa kimekauka kupita kiasi na kinene kina maji katikati. Kwa hiyo nimevijaza nusu tu ya chupa kubwa za kioo, nikazifunga, na kwa siku saba nitazitikisa kila siku ili unyevu wa vinene uhamie kwa vyembamba. Ukuta wa chupa ukionyesha hata jasho kidogo, vinarudi kwenye sanduku. Chupa moja kati ya tatu ilionyesha jasho siku ya pili, ikarudi.

Zamani tungevitia vitu kama hivi katika mifuko ya plastiki, lakini ile ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na kwa kazi hii sisikitiki, kwa sababu kioo chenye kifuniko kizuri hakipitishi hewa na mfuko mwembamba huipitisha.

24 Januari

Jamu. Nilidhani ndilo jambo rahisi kuliko yote.

Mkupuo wa kwanza ulikuwa wa kilo 2 za rojo la ngowe zilizoiva sana, kilo moja na nusu ya sukari, na hakuna kingine. Ngowe haina nyuzi nyingi na rojo lake ni zito, kwa hiyo likichemka halitokoti kama maji, linavimba na kupasuka na kurusha matone yanayounguza kama mafuta. Nina alama mbili kifundoni mwa mkono wa kulia. Nilipika kwa muda mrefu nikisubiri liwe jamu, nalo likawa jeusi chini na majimaji juu. Niliyamwaga yote katika chupa nane yakiwa yamekwisha kuanza kupoa, kwa kuwa simu iliita na nikaenda kuipokea. Vifuniko nilikuwa nimevisuuza na kuvifunika vikiwa na maji maji. Nimeziweka chupa hizo kabatini nikiwa na mashaka nazo.

Mkupuo wa pili nilisoma kwanza. Kinachoifanya jamu igande ni pektini iliyomo ndani ya tunda, ambayo huhitaji asidi na sukari ya kutosha ili ishikane, na embe linavyozidi kuiva ndivyo pektini yake na asidi yake zinavyopungua. Yaani maembe yaliyo matamu kwa kula ndiyo maskini kwa jamu. Kwa hiyo katika kila kilo 2 nimetia robo ya maembe ambayo hayajaiva, nikaongeza nusu kikombe cha maji ya ndimu, na kokwa za ndimu hizo nikazifunga katika kitambaa safi na kuzitumbukiza sufuriani, kwa kuwa zina pektini nyingi. Sukari kilo 1.6. Wifi yangu aliona ni nyingi, na mimi pia, lakini sukari ya jamu haitiwi kwa utamu peke yake: huyakamata maji ya tunda yasiweze kutumiwa na vijidudu, na jamu inayokaa huwa na sukari karibu asilimia 65 ya uzito wake. Mtu akitaka jamu isiyo tamu sana basi aitie kwenye jokofu na ailie upesi.

Kipimajoto kilipofika nyuzi 105 nilizima. Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka kisahani ndani ya friza, nikadondoshea tone, nikasubiri dakika moja, nikalisukuma kwa kidole. Tone likakunjamana juu kama ngozi ya maziwa. Hapo nilijua.

Safari hii chupa zilichemshwa, zikatolewa zikiwa moto, zikajazwa jamu inayotokota mpaka karibu na mdomo, vifuniko vikafungwa, kisha chupa zote zikasimamishwa juu ya kitambaa ndani ya sufuria kubwa, maji yakizifunika kabisa, yakachemka dakika 10. Katika hili angalau Mombasa imetupendelea. Hapa usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, ilhali dadangu aliye Nakuru, mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,850, maji yake huchemka karibu na nyuzi 94 na humlazimu aongeze dakika. Zilipokuwa zikipoa juu ya meza nilisikia vifuniko vikijivuta ndani kimoja baada ya kingine: tak, tak. Vilikuwa nane. Sikuondoka mezani mpaka nikavihesabu vyote.

1 Februari

Achari si kazi ya kusoma. Nilimwendea mavyaa wangu, Kibokoni, nikiwa na gunia la dodo mbichi zilizochumwa alfajiri na daftari langu. Aliniambia daftari nilitie mkobani kwanza.

Dodo, ambayo ikiiva ina nyuzi za kukwama menoni, ikiwa mbichi ni ngumu na kali kweli, na ndiyo aipendayo. Alinionya nizishike kwa vikonyo na nisiuguse utomvu. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake huwatoa baadhi ya watu vipele mpaka usoni. Hatukuzimenya. Tulizikausha kwa kitambaa moja baada ya nyingine, na hapo ndipo nilipopata somo la siku, kwa sababu nilitaka kuzisuuza tena baada ya kuzikata.

"Wataka kuniulia achari yangu, mwanangu? Zioshwe zikiwa nzima, zikaushwe. Kisu kikishagusa, maji hayagusi tena. Maji ndiyo mchawi wa achari."

Hata mwiko ulifutwa. Hata mikono yetu. Vipande vilitoka kilo 4.2, na niliomba ruhusa ya kupima chumvi kabla hajaitia: alichota kwa kiganja mara kadhaa kutoka kwenye chumvi ya mawe inayotoka upande wa Gongoni, kaskazini ya Malindi, akaangalia, akaongeza nusu kiganja. Mizani ilionyesha gramu 520. Nilipomuuliza anajuaje, alisema chumvi hutiwa mpaka mkono ukwambie basi. Kwa hesabu yangu ni kiasi cha asilimia 12, na sijui mkono wake ulisomea wapi lakini kiwango hicho, pamoja na ukali wa embe bichi, kinatosha kuwazuia vijidudu wa hatari.

Tukachanganya na bizari ya manjano, tukaacha usiku kucha ndani ya bakuli la udongo. Nililala huko. Asubuhi vipande vilikuwa vikiogelea katika maji yao wenyewe, karibu lita moja, maji ambayo chumvi iliyavuta kutoka ndani ya embe bila moto wala jua. Nilisimama juu ya bakuli lile nikikumbuka gramu 60 zangu. Mavyaa aliyachuja maji hayo akayaweka kando katika sinia yapigwe na jua, akavitandaza vipande juu ya ungo kwa siku mbili, na usiku aliviacha vilevile ukumbini, bila kifuniko, na havikupata ukungu. Vya kwangu vilikuwa vinyonge mbele ya hewa. Vya kwake vilikuwa na chumvi.

Siku ya tatu vikaingia haradali iliyopondwa, uwatu kidogo, thomu, tangawizi na pilipili za kuwaka zilizokaushwa, vyote kutoka kwa muuza viungo wa Marikiti ambaye mavyaa anamwamini tangu enzi za babake. Maji ya chumvi yakarudi, siki ikaongezwa, na mafuta yaliyochemshwa yakapoa kabisa yakamiminwa mpaka yakafunika juu, ili hewa isikutane na embe. Chupa zinakaa juani siku kumi, mdomo umefungwa kitambaa.

Wala chakula hiki si kigeni katika mwambao wetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali pamoja na ndimu, pilipili, tangawizi na maembe mabichi yaliyotiwa chumvi na siki, akaeleza kwamba embe kabla ya kuiva ni kali kama ndimu. Kutoka huko alikuja Mombasa, na alichokitaja hapa miongoni mwa matunda ni ndizi, ndimu na tunda tamu kama zeituni lenye kokwa, ambalo kwa maelezo yake ni zambarau. Zambarau bado zinauzwa barabarani kwa vikopo msimu huu, na kwa masikitiko hazihifadhiki. Nimejaribu jamu yake mara moja nikapata rangi nzuri tu.

8 Februari

Mkupuo wangu wa kwanza wa achari bila msaada: ndimu na mbirimbi. Ndimu zimechanjwa nne bila kuachanishwa, zimejazwa chumvi tumboni na kubanwa katika chupa. Mbirimbi, ambazo zina maji mengi mno, zimeanikwa kwanza siku moja. Chumvi nimeipunguza hadi asilimia 10 kwa sababu mume wangu ana shinikizo la damu.

Jirani ameniletea bamia na kuniomba nimfungie chupani kwa njia ile ile ya jamu, yaani kuchemsha tu. Nimekataa, na ningependa sababu iandikwe hapa. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, na ambaye hustawi mahali pasipo na hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, ikiwa chakula hakina asidi ya kutosha. Kipimo cha mpaka ni pH 4.6 (pH hupima asidi, na ikizidi hapo asidi haitoshi). Sumu yake huua, na haibadilishi harufu wala rangi. Bamia, maharagwe, mahindi na mchicha viko upande wa hatari. Tungule ziko mpakani, kwa hiyo za kwangu kila chupa ya lita moja nimeitia vijiko 2 vikubwa vya ndimu na nimezichemsha dakika 45. Bamia zake nimemkaushia.

15 Februari

Ramadhani imebaki siku chache. Rojo la embe nililokuwa nimeligandisha kwa ajili ya sharubati ya futari, kilo 9, limeharibika lote: umeme ulikatika juzi usiku ukarudi jana jioni, na sisi tulikuwa arusini Likoni. Friza ni mahali penye ubaridi, sikatai, mradi mtu mwingine asishike swichi yake. Sitagandisha tena zaidi ya kilo 2 kwa wakati.

12 Machi

Ukaguzi wa kabati. Zile chupa nane za mkupuo wa kwanza wa jamu, tano zina ukungu chini ya kifuniko, na zimetupwa. Matone ya maji yaliyokuwa kwenye vifuniko yaliangukia juu ya jamu na kuipunguzia sukari pale juu, yakatengeneza kidimbwi kidogo ambamo ukungu ulipata maji ya kunywa. Za mkupuo wa pili zote nane ni nzima.

Tatizo jipya ni kutu. Upepo wa chumvi umekula kingo za vifuniko vya bati, hasa vya achari, kwa sababu siki huvishambulia kwa ndani na bahari huvishambulia kwa nje. Achari nimeihamishia katika chupa zenye vifuniko vya plastiki ngumu. Vifuniko vya jamu nimevipangusa na kuvipaka mafuta kidogo, nje tu.

Maembe makavu yamefaulu kuliko yote, ila kwa sharti moja nililoligundua kwa kulipia. Chupa kubwa ya lita mbili, kila inapofunguliwa kuchota kidogo, huingiza hewa yetu, na baada ya wiki mbili vipande vya juu vinaanza kunata. Nimeyagawa yote katika chupa ndogo ndogo za kumalizwa ndani ya siku tatu. Tangu hapo nimeacha kukitafuta chumba alichokitaja wifi yangu. Ukavu ulio nao mtu wa Mombasa ni ule aliouziba ndani ya chupa siku alipoufunga, na kila akifungua anautumia.

4 Aprili

Mvua za masika zimeanza kweli, sanduku limeingizwa stoo, na mwembe una majani matupu. Kwa msimu mzima kilo 118 za maembe zimepita mikononi mwangu. Kilichobaki kabatini leo ni chupa 21 za jamu, chupa 9 za tungule, maembe makavu gramu 1,900, achari ya mavyaa chupa 6, na chupa 4 za ndimu na mbirimbi.

Mavyaa alikuja kutuamkia mchana, akala wali wa nazi na samaki, na nikamwekea kisahani cha ndimu zangu bila kusema ni za nani. Alikata kipande, akakitafuna polepole, akakitazama kilichobaki kidoleni, halafu akaniomba nimletee chupa. Akaifungua, akanusa, akaielekeza dirishani. Juu ya mafuta kulikuwa na povu jembamba ambalo mimi sikuwa nimeliona.

"Hizi ulizipima kwa mizani," akasema.

Nimeziongeza chumvi chupa zote nne na kuzitia kwenye jokofu. Katika daftari nimefuta asilimia 10 na kuandika 12.